Siasa za ofisini: tunayoyaamini Arusha na Moshi, na mambo yanavyokwenda

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii imewachelewesha watu ofisini kuliko majungu yote ya jikoni pa chai. Anayeiamini huchapa kazi, hunyamaza, kisha hungoja cheo kimfuate mezani.

Chukua kampuni ya utalii hapa Arusha, mwezi wa Julai, msimu umepamba moto. Dada wa rezevesheni anagundua usiku kwamba loji ya Seronera, ndani ya Serengeti, imejaa tarehe 14. Anapiga simu, anapata vyumba Karatu kwa usiku huo, anasogeza Serengeti siku moja mbele, anarekebisha malipo ya hifadhi, anampanga dereva. Wageni wanarudi wanacheka. Na mkurugenzi? Hajui lolote, maana tatizo lililozuiwa halipigi kelele. Anayesifiwa ni yule aliyesababisha tatizo akalizima mbele za watu.

Angetuma ujumbe asubuhi: "Seronera ilijaa tarehe 14. Wageni watalala Karatu, Serengeti imesogea 15. Dereva na wakala wanajua, gharama haijaongezeka." Hapo hajajitapa. Mkurugenzi anaihitaji taarifa hiyo kabla wakala hajampigia. Masika yakifika, magari yamepaki na watu wanapangiana nafasi za msimu ujao, linalozungumzwa mezani ni lile linalokumbukwa.

Wengine wanadhani siasa ni kumganda bosi: kumbebea begi, kucheka utani wake usiochekesha. Bosi mwenyewe huwa anaona. Kwenye kampuni za safari, neno la dereva mkongwe linaweza kumfikia mwenye kampuni kabla ya ripoti yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa na wageni siku nzima. Mhasibu naye ndiye anayejua nani harudishi risiti. Ukiwadharau hao, kumsifia mkubwa hakutakuokoa.

Halafu kuna ile ya Moshi na Arusha, "hapa bila kuwa wa kwao hupandi." Upendeleo upo, tusidanganyane. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila, mahali mtu anakotoka, dini au jinsia, na upandishaji cheo umo. Ila manung'uniko hayathibitishi kitu. Tangazo la nafasi, vigezo vilivyotajwa na barua ya majibu ndivyo vinavyosaidia, kwa hiyo vitunze. Na kwa wanaoamini kwamba kujuana na watu wa Njiro, mtaa wa hapa Arusha, kunatosha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki: nafasi zake za kitaalamu zina mgawo kwa nchi wanachama.

Serikalini mchezo ni mwingine kidogo. Watumishi wengi hulaumu fitina pale daraja linapochelewa, kumbe kupanda kunategemea muundo wa utumishi, ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti, pamoja na tathmini ya utendaji, ambayo sasa inajazwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya utaratibu wa zamani wa tathmini, OPRAS. Mtu asiyejaza kazi zake humo halafu akalalamikia mkuu wa idara, mimi simwelewi.

Dhana iliyo ghali kuliko zote ni ya kuwakomoa wakubwa kwa kuandika barua ya kuacha kazi kwa "sababu binafsi." Kwa sekta binafsi, sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya mazingira ya kazi yasivumilike, kuondoka kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa kuachishwa. Ukishaandika sababu binafsi, umemsaidia kujitetea. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga hiyo. Basi kabla ya kusaini chochote, andika barua ya malalamiko, ipeleke masijala, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.