Samaki umemkanyaga ulipokuwa unaingia majini

"Kapteni, hii fimbo haifiki kule."

Kule ni wapi? Mteja ananionyesha kwa kidevu, nyuma ya mstari wa mwisho wa mawimbi, ambako maji yametulia yakawa ya buluu. Yeye mwenyewe maji yamemfika kiunoni. Ubavuni pake wamejipanga marafiki zake watatu, nao wamezama vilevile, kila mmoja akipinda mgongo na kurusha risasi, ule uzito wa mshipi, kana kwamba ana ugomvi na upeo wa macho. Kazi yangu ni kupeleka makundi ya marafiki kuvua: asubuhi ufukweni penye mawimbi, mchana ghubani kwa mashua. Maneno hayo nayasikia kila wiki, na nimechoka kuyajibu kwa upole.

Samaki wakubwa hawako "kule". Unaowatafuta walikuwa hapo uliposimama, mpaka ulipoingia ukipiga maji teke.

Chini ya mawimbi mchanga haujalala sawa kama mkeka. Mawimbi huurundika ukawa fungu refu sambamba na pwani, na kati ya fungu hilo na nchi kavu hubaki mfereji. Mbele yake mara nyingi kuna fungu la pili na mfereji mwingine. Huo mfereji wa kwanza ndio jiko. Kila wimbi linalopasuka hukwangua mchanga na kufukua minyoo, kombe wadogo na wale kaa wa mchangani wanaojizika haraka maji yanaporudi. Wasiowahi kujizika husombwa na kuangukia mfereji. Sasa niambie, samaki mwenye njaa akae wapi? Tena maji hapo yamechafuka kwa povu na mchanga, kwa hiyo ndege hamwoni vizuri. Nimeona kolekole wakipita kwenye maji yasiyofika goti, wimbi likiinuka mbavu zao zinameta ndani yake kama kisu, huku wavuvi wenye fimbo za mita 4 wakitupa chambo mita 80 mbele juu ya vichwa vyao.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ushahidi wanao mkononi na hawautaki. Mteja anatupa mbali, anasubiri, hakuna kitu. Anazungusha rili arudishe mshipi abadilishe chambo, na mizunguko ya mwisho kabisa, risasi ikiwa karibu kugusa pwani, samaki anakula. Anapiga kelele za furaha: "Amenifuata kutoka kule!" Hakukufuata, ndugu yangu. Alikuwa hapo muda wote, chambo chako ndicho kilichochelewa kufika. Kisha anaweka chambo kipya na kukirusha mbali zaidi.

Mfereji unauonaje? Mawimbi yenyewe yanakuonyesha. Wimbi hupasuka kina cha maji kinapokaribia kimo chake: kwa kadiri, maji yakiwa na kina cha mara 1.3 ya kimo cha wimbi. Wimbi la sentimita 60 litapasuka kwenye maji ya sentimita 75 au 80. Kwa hiyo palipo na weupe pana fungu. Pale wimbi linapoacha kuwa jeupe, likajikusanya na kuanza kutambaa tena bila povu, chini yake pamezama. Huo ndio mfereji. Ukitaka kuuona ukiwa uchi, njoo siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamekupwa, upige picha, uitumie wiki nzima. Mimi huwasimamisha wateja kwenye mchanga mkavu dakika 5 watazame tu, mikoba imefungwa. Wananuna. Wanune.

Baada ya hapo tupo la kwanza liwe fupi, hata mita 10, ukiwa bado na miguu mikavu. La pili uliongeze kidogo. Kundi la watu wanne lina bahati ambayo mvuvi wa peke yake hana: mmoja avue mferejini, mmoja kwenye mteremko wa fungu, mmoja nyuma yake, na wa nne atafute upenyo wa fungu. Baada ya nusu saa mnajua samaki wako umbali gani, wote mnahamia hapo. Lakini marafiki wakiwa pamoja uvuvi hugeuka mashindano ya kutupa mbali, na wote wanne wanavua mahali pamoja pasipo na kitu.

Sikatai kwamba ipo siku ya kutupa mbali. Maji yakikupwa mpaka mfereji wa kwanza ukabaki kidimbwi, au bahari ikiwa shwari na angavu kama kioo saa sita mchana, samaki husogea. Siku hiyo nitakwambia mwenyewe. Ila kumbuka risasi ya gramu 110 inayotupwa kwa nguvu zote ikikata mshipi haiendi baharini tu, huweza kumwendea mwenzako aliyesimama kando. Funga kipande cha mshipi mnene mbele. Kipimo cha zamani ni kilo 4.5 za uimara kwa kila gramu 28 za risasi, maana yake gramu 110 zinadai mshipi wa kilo 18. Kiwe kirefu cha kutosha kuzunguka rili mara kadhaa kabla ya kutupa. Mtu asiyekifunga havui karibu yangu.

Ule upenyo wa fungu niliotaja unavutia samaki kwa sababu maji yote yaliyosukumwa pwani yanatokea hapo kurudi baharini. Ndiyo maana pia ni mahali pabaya pa kuingia kwa miguu. Watu husema mkondo huo unamvuta mtu chini. Hapana, unamvuta nje. Anayekufa mara nyingi ni yule aliyepigana nao akirudi pwani moja kwa moja hadi nguvu zikamwisha. Elea, punga mkono, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake, halafu ndipo urudi.

La pili linalonipandisha damu: "Maji ya chumvi yanasafisha kidonda, acha tu." Mteja amejikata kwa ndoana au kwa mwiba wa hongwe, anatumbukiza kidole ghubani na kuendelea na stori. Maji ya ghuba si dawa ya kuua vijidudu. Humo huishi bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, anayependa hasa maji ya vuguvugu yaliyochanganyika na maji ya mto, yaani ghuba kabisa. Maambukizi yake ni nadra, lakini yakimpata mtu huweza kuozesha nyama kwa kasi, na takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hufariki, wengine ndani ya siku moja au mbili tangu waugue. Mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu ndiye aliye hatarini zaidi. Osha kwa maji safi na sabuni, funika. Kidonda kikivimba, kikawa chekundu na maumivu kuliko ukubwa wake, nenda hospitali usiku huohuo, na useme wazi kwamba ulikuwa baharini.

Ya ghubani mengine ni mepesi. Kundi zima hunong'ona mashuani eti samaki watasikia. Ongeeni! Sauti ya hewani karibu yote hugonga uso wa maji ikarudi. Kinachowatimua ni ndoo inayodondoshwa sakafuni, kifuniko cha boksi la barafu kinachobamizwa, na nanga inayorushwa badala ya kuteremshwa, maana mtikisiko wa mashua huingia majini moja kwa moja. Wanaonong'ona ndio haohao wanaoburuta boksi.

Ndoana ya duara haitaki kuvutwa kwa kishindo. Ukiinyakua kwa fimbo unaichomoa mdomoni. Samaki akidonoa, mwache aondoke nacho, kaza mshipi, zungusha rili taratibu, itajigeuza na kunasa pembeni mwa mdomo. Wateja ninaosumbuka nao hapa si wageni, ni wale waliovua miaka 20 kwa ndoana za kawaida.

"Mbalamwezi hakuna samaki." Mwezi mpevu na mwezi mwandamo vyote huleta bamvua, na bamvua maana yake maji yanakwenda kasi, na maji yanayokwenda hubeba chakula. Tazama maji yanaanza kusogea saa ngapi, mwezi uachie wachumba.

Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hamvizii mtu. Amejifukia mchangani, wewe umemkanyaga. Buruza nyayo badala ya kuzinyanyua, atakusikia aondoke. Akishakuchoma, huo mkojo wa rafiki yako hausaidii, bakini na heshima zenu. Sumu yake inadhoofishwa na joto: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45, yasiyokuunguza, dakika 30 hadi 90, halafu nenda hospitali, kwa sababu mwiba hukatika ukabaki ndani. Akichoma kifua au tumbo, mwiba usiuchomoe.

"Tutampika vizuri, hatadhuru." Jodari au nguru aliyeachwa juani akipikwa hata saa 3 atawawasha na kuwavimbisha nyuso, kwa sababu histamini, kemikali inayowasha, iliyojijenga mwilini mwake haivunjwi na moto. Sumu ya bunju nayo haivunjwi. Barafu iwekwe tangu samaki wa kwanza, si mwisho wa safari mkihesabu, na bunju arudi majini.

Na jioni, tafadhali, usiipige rili kwa mpira wa maji wenye presha. Unaisukuma chumvi ndani ya beringi, halafu mwezi ujao unaniletea ikikwaruza, unaniambia ni feki. Kaza breki yake, imwagie maji baridi kidogokidogo kama unanawisha mtoto uso, ikung'ute, kisha legeza breki ikauke kivulini.