Shimo la mawe lililoachwa: yasemwayo na yaliyo kweli

Shimo la mawe likishaachwa, kijiji hulihesabu limekufa. Siku katapila linapokuja kusawazisha pahala pajengwe, na mtu wa mambo ya kale akasimama pembeni na daftari lake, maneno huanza.

"Hapa pameshachimbwa, kutabaki nini?" Hili ndilo linalotupotezea mengi. Waliochimba walifuata jiwe; udongo wa juu waliusukuma kando, na nje ya kingo hawakugusa. Tazama ukingo uliokatwa upya: chini ya majani kuna udongo wa shamba, halafu mstari mweusi wenye mkaa, makombe na vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika), kisha jiwe. Mstari huo, hata ukiwa mwembamba kama kiganja, ni jaa la watu waliokaa hapo. Na shimo lenyewe lina habari zake, kama alama za mitaimbo ukutani au jivu la tanuu la chokaa.

"Wanatafuta dhahabu." Ni kweli Mtambwe Mkuu, huku kwetu Pemba, mwaka 1984, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na chache za dhahabu. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni punje zilizoungua. Udongo hutiwa majini, mkaa na mbegu huelea, huchujwa, hutazamwa kwa darubini. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Tumbe, kaskazini mwa Pemba, karne ya 7 hadi ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Ni Chwaka ya jirani, kuanzia karne ya 11, ndiko wali ulikotawala chunguni. Sisi Wapemba tunaodhani wali ni wetu tangu azali, mwanzo wake tumeusoma kwenye majivu.

"Watasimamisha ujenzi." Mara nyingi hapana. Katapila hufungwa ndoo isiyo na meno, likakwangua kidogo kidogo. Kikionekana kitu, dereva husubiri kipimwe, kichorwe, kipigwe picha, kazi ikaendelea. Likitokea kaburi au ukuta, hapo mazungumzo ni mengine.

"Kigae kimoja mfukoni hakidhuru." Kinadhuru! Kigae chenye michoro ya pembetatu shingoni, kikiwa bado ndani ya udongo wake, huonyesha kwamba tabaka lile ni la zama za mwanzo za Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Unguja, zaidi ya miaka 1,000 nyuma. Kikiwa kabatini kwako hakisemi kilitoka wapi. Ukikiona kiache palepale, chomeka kijiti, kamwite aliyeshika daftari.