Uchungu Si Nguvu: Dhana Potofu Kuhusu Kahawa ya Kuchuja Nyumbani

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, jioni huanza kwa mlio wa vikombe. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba lililokaa juu ya makaa, akivigonganisha vikombe vidogo mkononi, na walioketi barazani humiminiwa kahawa iliyochemshwa pamoja na tangawizi, wakaiteremsha kwa kashata au tende. Kahawa hiyo tunaiita kahawa tungu, yaani chungu, na jina hilo tunalitamka kwa sifa. Naipenda, na hakuna neno katika makala haya lililoandikwa kuipinga. Lakini wengi wetu siku hizi tumenunua koni ya kuchujia na karatasi zake, tukaanza kujitengenezea nyumbani kahawa ya Nyeri na Kirinyaga, na tumeihamisha hukumu ya dele hadi kwenye karatasi bila kuihoji. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa kuwa njia hizi mbili haziitendei buni jambo moja.

"Kahawa chungu ndiyo yenye nguvu"

Hii ndiyo dhana mama, na nyingine nyingi zimezaliwa nayo. Nguvu ya kahawa ni kiasi cha buni kilichoyeyuka kikombeni ukilinganisha na maji. Uchungu hutegemea ni vitu gani vilivyoyeyuka. Buni iliyokaangwa haiyeyuki yote. Takriban asilimia 30 tu ya uzito wake ndiyo inayoweza kuchukuliwa na maji, na iliyobaki ni nyuzinyuzi za mmea ambazo huishia kwenye machicha. Katika miaka ya 1950 mtafiti Ernest Lockhart wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha kuwa kahawa inayopendwa na wanywaji wengi ni ile ambayo maji yametoa kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wa buni. Ikipungua hapo kikombe huwa kichachu na chepesi. Ikizidi huwa kichungu, chenye ukakasi unaokausha ulimi kama bibo lisiloiva.

Sababu ni kwamba vitu hivyo havitoki kwa pamoja. Asidi za matunda hutangulia, zikifuatwa na utamu na ladha za ukaangaji, na vile vizito vyenye uchungu na ukakasi hujikokota nyuma. Kwa hiyo anayeendelea kumimina maji juu ya unga uleule ili kuikamua "nguvu yote" anapata kinyume cha alichokitaka, kwa maana kikombe kinazidi kujaa maji, na maji hayo ya mwisho yanabeba masalio machungu peke yake.

Wengine husema uchungu ndio kafeini. Kafeini ni chungu kweli, ila mchango wake ni mdogo. Sehemu kubwa ya uchungu hutokana na asidi za klorojeni zinazobadilika buni inapokaangwa, na kadiri buni inavyozidi kuwa nyeusi ndivyo uchungu mkali zaidi unavyoundwa, ilhali kafeini yenyewe karibu haiguswi na moto. Kinachobadilisha kafeini hasa ni aina ya mbuni: arabika huwa na kama asilimia 1.2 ya uzito wake, na robusta hukaribia mara mbili ya hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji, zikitoa asilimia 20, huyeyusha gramu 3. Unga hubaki na maji kama mara mbili ya uzito wake, basi kikombe hupata takriban gramu 220, na nguvu yake ni kama asilimia 1.4. Khalati yangu alipoionja kahawa hiyo mara ya kwanza, aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akakiona chini yake, akaniambia: "Mwanangu, haya ni maji." Sikubadilisha usagaji wala muda. Niliongeza kahawa ikawa gramu 18 kwa maji yaleyale, na hiyo akainywa yote, akauliza kwa nini haikumkwaruza koo. Anayetaka nguvu na aongeze kahawa. Anayetaka kahawa nyepesi na aongeze maji ya moto kikombeni baada ya kuchuja.

"Kusaga ni kusaga, blenda inatosha"

Ningeulizwa ni jambo gani moja mtu alirekebishe jikoni kwake, ningejibu hili, na ndilo ambalo watu hulitilia maanani mwisho, baada ya kununua birika la shingo ndefu na vikombe vya kioo.

Fikiria chembe ya kahawa yenye umbo la mchemraba, kila upande milimita 1. Ikigawanywa nusu kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, zinapatikana chembe nane za nusu milimita. Uzito ni uleule, lakini eneo linaloguswa na maji limekuwa maradufu, na safari ya maji kufika kitovuni mwa chembe imepungua kwa nusu. Kwa maneno mengine, ukubwa wa chembe ndio unaoamua maji yatatoa kiasi gani katika dakika chache yanazopita. Ikiwa chembe zote zinakaribiana ukubwa, zote hufika kwenye ladha nzuri kwa wakati mmoja. Zikichanganyika, vumbi huwa limekwisha kutoa uchungu wake wakati chenga kubwa hazijaanza hata kutoa utamu.

Kisu cha blenda hakisagi. Hukatakata chochote kinachopita mbele yake. Siku moja nilisaga gramu 30 kwa blenda ya jikoni, nikazipitisha kwenye chujio la chai. Chini lilianguka vumbi lililoganda kidoleni kama unga wa sembe. Juu zilibaki chenga, na miongoni mwake vipande nilivyoweza kuvitambua kuwa ni nusu nzima ya buni. Nilizichuja sehemu hizo mbili mbalimbali. Vumbi liliziba karatasi, maji yakasimama juu yake kama dimbwi baada ya mvua, na kahawa iliyotoka ilikuwa chungu yenye ukakasi. Chenga ziliyapitisha maji mbio, zikanipa kitu chenye rangi ya chai ya rangi na uchachu wa embe bichi. Kahawa ya blenda ni mchanganyiko wa vikombe hivyo viwili, ndiyo maana mtu huipata chachu na chungu kwa pamoja na asijue alaumu nini.

Kisagio kinachofaa hufanya kazi kama mawe ya kusagia ya zamani, jiwe la juu na jiwe la chini: kuna meno mawili yanayozungukana, yakiachiana nafasi unayoiweka mwenyewe, na chembe haitoki mpaka iwe ndogo kuliko nafasi hiyo. Vumbi kidogo halikosi, kwa sababu buni iliyokaangwa ni kavu na huvunjika kama kigae, lakini ni kidogo. Kisagio cha mkono cha aina hii hutosha kabisa kwa nyumba moja. Asiyekuwa nacho aiwashe blenda kwa vipindi vifupi, aitikise kila baada ya kipindi, kisha alitoe vumbi kwa chujio la chai. Atapoteza kahawa kidogo, na kikombe kitatengenea.

Kinu na mchi navyo hutoa vumbi jingi, na kwa dele hilo si kosa, kwa kuwa kahawa ya dele huchemka pamoja na unga wake, na mashapo huachwa yatulie chini. Karatasi haina nafasi hiyo ya kutulia. Kwa karatasi, saga chembe zifanane na mchanga mnene wa ufukweni, kisha utazame saa: maji gramu 250 yakiisha kupita katika dakika tatu hivi, upo karibu. Yakipita upesi na kahawa ikawa chachu, saga laini zaidi. Yakikawia na ikawa chungu, saga chenga kubwa kidogo. Badilisha hilo tu, usiguse jingine, mpaka ulimi wako uridhike.

Kuna wanaoamini pia kuwa maji yakiigusa buni kabla ya kusagwa yanaiharibu. Tone moja au mawili, yakichanganywa na buni dakika ileile ya kusaga, hupunguza umeme tuli unaoufanya unga urukeruke na kung'ang'ania kisagio. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, wakishirikiana na wataalamu wa volkano waliozoea kupima umeme wa majivu, walichapisha vipimo vinavyothibitisha hivyo.

"Maji yanayotokota huiunguza kahawa"

Buni ilikwisha kupita kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200 ilipokaangwa. Maji ya nyuzi 100 hayawezi kuiunguza tena. Yanachofanya ni kuyeyusha upesi zaidi. Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni kati ya nyuzi 92 na 96, na hapa mahali ulipo pana maana. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji hutokota karibu na nyuzi 94, hivyo mtu wa huko anayemimina papo hapo yumo ndani ya kiwango bila hata kipimajoto. Sisi tuko usawa wa bahari, na birika letu hufika 100 kamili. Subira ya nusu dakika baada ya kuliepua inatosha, hasa kama buni ni nyeusi.

Jambo hili lakini halistahili wasiwasi linaopewa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha kahawa za nyuzi 87, 90 na 93 zilizorekebishwa ziwe na nguvu ileile na utoaji uleule, na waonjaji hawakupata tofauti ya maana. Narudi basi kwenye kisagio.

"Maji ni maji, mradi yamechemshwa"

Zaidi ya asilimia 98 ya kikombe ni maji, na kwa mkazi wa Mombasa hili ni zito. Sehemu ya maji ya mji huja kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, ila nyumba nyingi hutegemea visima, na visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Maji yanayochemshwa tena na tena huzidi kuwa ya chumvi kwa sababu kinachopaa ni maji matupu. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni dalili ya kalsiamu pamoja na bikaboneti, na bikaboneti zikizidi huuzima uchachu mtamu wa buni ya Kenya, kahawa ikawa bapa kama iliyotiwa magadi kidogo. Upande wa pili, maji yasiyo na madini kabisa nayo hutoa kahawa isiyo na uhai. Maji ya kunywa yasiyo na ladha yoyote ulimini, yenye madini kiasi, ndiyo ya kutafuta.

"Povu ni uchafu" na "karatasi hunyonya nguvu"

Unga ukiloweshwa mara ya kwanza huvimba na kutoa povu. Hiyo ni kaboni dayoksaidi iliyonaswa ndani ya buni wakati wa kukaangwa, na povu jingi humaanisha buni bado ni mpya. Mimina maji mara mbili au tatu ya uzito wa kahawa, ngoja sekunde 30 hadi 45 gesi itoke, kisha endelea; gesi ikibaki huyasukuma maji mbali na chembe. Kwa sababu hiyohiyo, buni iliyokaangwa leo si lazima iwe tamu kuliko ya siku tano zilizopita.

Karatasi nayo haina hatia. Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, aliyeisajili hataza ya chujio lake mwaka 1908, alianza na karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe na chombo cha shaba alichokitoboa kwa msumari, akikusudia kuondoa mashapo. Kafeini imeyeyuka majini, kwa hiyo hupita. Kinachobaki ni vumbi na mafuta, yakiwemo ya kafestoli, ambayo huongeza lehemu mbaya katika damu. Mwenye tatizo la lehemu anayekunywa kahawa ya kuchemsha vikombe vingi kwa siku ana sababu ya kweli ya kuipenda karatasi.

"AA ni tamu kuliko AB"

Herufi hizo ni madaraja ya buni ya Kenya, na husema ukubwa wa punje. AA ni zile zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya takriban milimita 7. Punje ndogo kutoka shamba lililotunzwa huweza kuishinda AA iliyochumwa ovyo.

"Kahawa huhifadhiwa friji"

Niliwahi kuamini hili, na nikapoteza nusu kilo nzuri. Kila asubuhi nililitoa kopo kwenye friji, nikalifungua papo hapo katika joto la jikoni, na hewa yetu ya pwani iliyojaa unyevu ikaacha jasho juu ya buni baridi, kama inavyofanya kwenye chupa ya soda. Baada ya wiki moja harufu ilikuwa imekwenda, na mahali pake pameingia ya kitunguu. Friza inafaa kwa akiba ndefu, ikiwa buni imefungwa katika vifurushi vidogo visivyopitisha hewa, na kila kifurushi kikaachwa kipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Ya matumizi ya kila siku hutaka chombo kinachofungika sawasawa, mbali na jua na jiko, ikiwa bado nzima, kwa maana ikishasagwa harufu huanza kupotea ndani ya dakika chache. Kopo langu sasa liko kabati la mbali na dirisha, na kisagio kiko kando yake. Huchota gramu 15 birika likiwa tayari jikoni.