Sumaku na umbo la kiini cha atomu: dhana potofu na ukweli

"Nyutroni haina chaji, kwa hiyo haina usumaku." Si kweli. Momenti yake ya sumaku, yaani kipimo cha nguvu ya usumaku wake, ni −1.913, ukipima kwa kizio kiitwacho magnetoni ya nyuklia. Ya protoni ni +2.793. Chaji ya nyutroni ni sifuri kwa jumla tu, maana ndani yake kuna kwaki, chembe ndogo zaidi zinazoiunda, zenye chaji na spini (aina ya mzunguko wa asili wa chembe).

Wengi pia hudhani kwamba kiini kinachooza upesi hakipimiki. Litiamu-11 ina nusumaisha (muda wa nusu ya viini kuoza) isiyofika milisekunde 9, na bado momenti zake zote mbili, ya sumaku na ya kwadrupoli (kipimo cha jinsi kiini kilivyorefuka au kubanwa kuliko tufe), zimepimwa kwenye maabara ya ISOLDE huko CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia. Atomi humulikwa kwa leza hadi spini za viini zielekee upande mmoja, kisha hupigwa ndani ya fuwele iliyowekwa kwenye uga wa sumaku. Viini vinapooza, chembe za beta (elektroni zinazorushwa na kiini) hutoka kwa wingi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mawimbi ya redio yakifikia masafa yanayotakiwa, spini huvurugika na tofauti ile hutoweka. Masafa hayo ndiyo yanayotoa momenti. Kwa hiyo kuoza kulikodhaniwa kuwa kikwazo ndiko kunakoleta ishara.

Kwa viini vingi vingine hutazamwa jinsi ngazi za nishati za elektroni zinavyogawanyika kidogo sana, na leza ndiyo inayosoma migawanyiko hiyo. Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: momenti ya kwadrupoli haisomwi moja kwa moja. Lazima ujue uga wa umeme wa elektroni unabadilika kwa kiasi gani pale kwenye kiini, na mara nyingi hilo hutokana na hesabu. Hesabu ikirekebishwa, momenti nayo hubadilika, hata kama hakuna aliyerudi maabara.

Dhana inayopotosha kuliko zote, kwa maoni yangu, ni hii: "kwadrupoli sifuri, basi kiini ni mviringo kamili." Kiini chenye spini 0 au 1/2 hakiwezi kuonyesha kwadrupoli hata kiwe kimerefuka kama yai. Chukua zebaki-185, ambayo spini yake ni 1/2. Mwaka 1972, vipimo vya ISOLDE vilionyesha kwamba ukitoka zebaki-187 kwenda 185, ukubwa wa kiini unaruka ghafla, dalili ya umbo lililorefuka sana. Kwadrupoli isingesema neno. Aliyefichua ni badiliko dogo la rangi ya mwanga kutoka isotopu moja (atomi za elementi ileile zenye idadi tofauti ya nyutroni) hadi nyingine.

Imebaki indiamu, yenye protoni 49, pungufu moja tu ya 50, ambayo ni moja ya idadi zinazojaza kabisa tabaka la ndani ya kiini. Kwa kuwa momenti yake ya sumaku haikubadilika sana katika isotopu nyingi, ilichukuliwa kuwa mfano bora wa kiini kinachotawaliwa na protoni moja isiyo na mwenzake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yaliivuruga picha hiyo: ilipofikiwa indiamu-131, yenye nyutroni 82, idadi nyingine inayojaza tabaka, momenti ilipanda ghafla na kukaribia thamani ya protoni iliyo peke yake. Katika isotopu zile za awali, basi, nyutroni zilikuwa na mchango wao muda wote.