Kulwa na Doto mbele ya dirisha la mapokezi

Waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo vya afya, wanaponiomba ushauri kabla ya kuacha majalada ya karatasi na kuhamia kwenye kompyuta, maswali ya kwanza huwa ya vifaa: kompyuta ngapi, seva ya aina gani, umeme ukikatika itakuwaje. Ni maswali ya haki, lakini majibu yake hununuliwa kwa fedha. Swali ambalo karibu hawaliulizi, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mfumo utamfaa mgonjwa au utafaa tu kukusanya mapato, ni hili: mtu aliyesimama dirishani leo, mfumo utajuaje kwamba ndiye yule aliyetibiwa hapa mwaka jana?

Tumezoea kuhesabu wagonjwa bila kuhitaji kuwafahamu. Rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma za afya, na baadaye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu hizo uliosambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013, zilijengwa ili mwisho wa mwezi ijulikane ni watu wangapi waliougua malaria katika wilaya fulani, na kwa kazi hiyo haijalishi kama wagonjwa wawili wa tarehe tofauti ni mtu mmoja. Kumbukumbu ya kielektroniki ya mgonjwa ni kitu kingine kabisa, kwa sababu thamani yake yote imo katika kuunganisha mahudhurio ya leo na ya jana.

Hapa Mwanza tatizo huanzia kwenye jina. Kisukuma hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo mama yule yule anaweza kuandikwa Rehema na karani mmoja, kisha Lehema na karani mwingine baada ya miezi michache. Programu nyingi za kanzidata bado zina mbinu ya kulinganisha majina kwa matamshi iitwayo Soundex, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1918. Mbinu hiyo huacha herufi ya kwanza kama ilivyo, kisha huzipa tarakimu konsonanti nyingi zinazofuata, ambapo l hupata 4 na r hupata 6. Rehema na Lehema hutengana tangu herufi ya kwanza, Maria na Malia hutengana kwenye tarakimu. Kwa maneno mengine, chombo kilichotengenezwa kusamehe makosa ya tahajia hakisamehi lile kosa ambalo huku kwetu ndilo la kila siku. Dawa yake si ngumu: kabla ya kulinganisha, mfumo uzifanye r na l kuwa herufi moja, na uzitendee z na dh vivyo hivyo ili Ramazani na Ramadhani wakutane. Mtaalamu wa programu anaweza kuandika kanuni hiyo kwa siku moja, lakini lazima awepo mtu wa kumwambia.

Kisha kuna mapacha. Kulwa na Doto ni majina yanayotolewa kwa wavulana na kwa wasichana, na wenye majina hayo wanashirikiana tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, jina la babu, kijiji, mara nyingi jinsia, na wakiwa wadogo hata namba ya simu ya mama. Kila kipengele ambacho mfumo hutumia kuwatambua watu kinalingana, isipokuwa jina la kwanza. Mwaka 1969 wanatakwimu Ivan Fellegi na Alan Sunter walionyesha kihisabati kwamba kila kipengele kipewe uzito wake, na kwamba kulingana kwa jina adimu ni ushahidi mkubwa kuliko kulingana kwa jina la kawaida. Masanja wawili katika kanzidata ya Mwanza hawathibitishi mengi, wakati Masanja wawili katika kanzidata ya Lindi wanastahili kutazamwa kwa makini. Uzito huo basi ukokotolewe kwa takwimu za eneo husika, wala usichukuliwe jinsi ulivyokuja na programu.

Nikifika hapa huulizwa kwa nini tusitumie namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tukamaliza maneno. Itumike, kwa mwenye nayo. Lakini ina tarakimu 20, wengi hawaikumbuki kichwani, na kitambulisho cha taifa hutolewa kwa waliotimiza miaka 18, ilhali sehemu kubwa ya kazi ya kituo cha afya ni watoto. Alama za vidole nazo huwagomea wanaofanya kazi ngumu za mikono, kama wanaoponda kokoto, na hazifai kwa mtoto mchanga.

Wavuvi wana shida yao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa kazi husimama na watu hutawanyika kutoka visiwani. Mvuvi aliyeanza dawa katika kisiwa kimoja cha Ukerewe anaweza kuhama kambi kwenda upande wa Sengerema na kuandikishwa huko kama mgonjwa mpya, huku kituo cha kwanza kikimhesabu kuwa ameacha dawa.

Katika haya yote kuna makosa mawili yasiyolingana kwa uzito. La kwanza ni mtu mmoja kuwa na majalada mawili: daktari haoni kwamba mgonjwa aliwahi kudhurika na dawa fulani, au anarudia kipimo bure. La pili ni watu wawili kuingizwa katika jalada moja, na hilo ni la hatari zaidi, kwa sababu kundi la damu la Kulwa linaweza kusomwa kama la Doto na hakuna atakayeshtuka, kwani jalada linaonekana kamili. Ndiyo maana napendelea mfumo unaoacha majalada mawili ya mtu mmoja kuliko unaoyaunganisha wenyewe. Kazi ya kompyuta iishie kwenye kupendekeza. Mtu wa masjala aamue, jina lake lirekodiwe, na uamuzi uweze kutenguliwa bila kupoteza kitu.

Wanaoazimana kadi za bima huzalisha kosa hilo la pili kwa hiari yao, maana kisukari cha shangazi huingia katika kumbukumbu za mpwa wake. Wapo pia wanaotoa jina jingine makusudi, hasa wanaofuata dawa za VVU mbali na nyumbani. Hao sidhani mfumo una haki ya kuwaunganisha kwa siri: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mtu akijua anafuatiliwa ataacha kliniki.

Mengine hutegemea kinachofanyika dirishani. Karani atafute kwanza kabla ya kuandikisha, na mfumo umlazimishe kufanya hivyo, maana foleni ikiwa ndefu kubonyeza «mgonjwa mpya» ni rahisi kuliko kutafuta. Asiulize, «Wewe ni Kulwa?», kwa sababu mzee asiyesikia vizuri, au mama mwenye heshima mbele ya mtumishi, ataitikia ndiyo. Aulize, «Unaitwa nani, na baba yako anaitwa nani?» Na lile daftari ambalo mgonjwa hununua dukani lisifutwe haraka: libandikwe stika yenye namba yake na msimbo pau, ili hata umeme ukikatika namba iandikwe kwenye rejesta na baadaye iingizwe kwenye jalada linalostahili.