Kanisa changa linapopungua watu: namna ya kulitia moyo

Kazi yangu ni kuwalea wapanda makanisa, yaani wachungaji wanaotumwa na kanisa lao, kanisa mama, kwenda kuanzisha kanisa jipya. Siku ya uzinduzi hawanihitaji sana, maana siku hiyo kila mtu yupo: kwaya ya kanisa mama, wageni wa heshima, majirani waliokuja kutazama. Simu huanza kulia miezi michache baadaye. Mchungaji anaongea kwa sauti ya chini, anasema watu wanapungua, hajui tatizo liko wapi, na anauliza kama aitishe mkutano mwingine wa injili ili viti vijae tena.

Mimi humuuliza kwanza: waliopungua ni akina nani? Mkusanyiko wa miezi ya mwanzo huwa umechanganya watu wa aina tatu. Wapo walioazimwa kutoka kanisa mama waje kusaidia kuimba, kupanga viti na kufundisha watoto. Hao wana kwao na watarudi. Wapo wanaopenda kitu kikiwa kipya, na miongoni mwao wengine wana kinyongo na huko walikotoka, ila hawajasema. Halafu wapo wachache ambao hawana kanisa lingine zaidi ya hili. Walimpokea Yesu hapa, au walikuwa wameacha kusali miaka mingi wakarudi kwa sababu ya watu hawa hawa. Makundi mawili ya kwanza yakiondoka, hesabu ya Jumapili inashuka na mchungaji anaona msiba. Mimi naona kanisa lenyewe ndiyo kwanza linaonekana. Na kwa bahati mbaya, wakati huo huo ndio makanisa mama mengi hunyamaza, yakidhani kazi yao iliisha siku ya uzinduzi.

Nikitaka kumwonyesha mtu jinsi kanisa changa linavyotiwa moyo, humfungulia Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike. Matendo 17 inaeleza kwamba Paulo alihojiana na watu katika sinagogi la Thesalonike kwa sabato tatu, ghasia zikazuka, ndugu wakamtoa mjini usiku. Hata kama alikaa kuzidi hizo sabato tatu, aliacha nyuma waumini wapya kabisa, wenye mateso, na mwalimu wao hayupo. Alipofika Athene hakuweza kuvumilia tena. Akakubali kubaki peke yake, akamtuma Timotheo, mtendakazi mwenzake, arudi akawaimarishe na aijue imani yao ikoje. Timotheo aliporudi kwake alikuwa na habari njema, na barua ikaandikwa. Kwa kuwa maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe huko Delphi yanatusaidia kujua kwamba Galio, ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake huko Korintho, alikuwa liwali wa Akaya kwenye mwaka 51 hivi, wataalamu wengi huiweka barua hii mwaka 50 au 51. Ni miongoni mwa maandiko ya mapema kabisa ya Agano Jipya, na iliandikwa ili kanisa changa lisimame.

Angalia anachowaambia. Idadi yao haitaji hata mara moja. Anataja kazi yao ya imani, taabu yao ya upendo na saburi yao ya tumaini. Anawaambia kwamba huko Makedonia na Akaya watu wanasimulia jinsi walivyoziacha sanamu wakamgeukia Mungu. Ni mambo yaliyokwisha kutokea kwao, ambayo yamkini wao wenyewe hawakuyaona makubwa kwa sababu dhiki ilikuwa imewasonga. Na katika barua hiyo hiyo anawaonya juu ya uasherati, anawahimiza wafanye kazi kwa mikono yao, anawafundisha habari za waliolala mauti. Maonyo hayo yalimkuta msikilizaji ambaye tayari anajua kwamba anapendwa.

Barnaba naye alifanya vivyo hivyo Antiokia. Kanisa lile lilianzishwa na watu wa Kipro na Kirene ambao Luka hakutuachia hata majina yao, na liliingiza watu wa mataifa kwa namna ambayo Yerusalemu haikuizoea. Barnaba alitumwa akaangalie. Angeweza kufika na orodha ya kasoro. Matendo 11 inasema alipofika aliiona neema ya Mungu, akafurahi, akawasihi waambatane na Bwana kwa moyo wote. Kisha akaona kwamba kazi inahitaji mwalimu, akasafiri mpaka Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Nawaomba waangalizi na viongozi wa makanisa mama wazisome aya hizo polepole kabla hawajapanga ziara. Mtu aliyetumwa kukagua anapoanza kwa kuitafuta neema, hata mapungufu atayaona vizuri zaidi, na atajua ni nani wa kumwita aje asaidie.

Sasa, neema hiyo inatafutwaje? Mimi nikifika, mchungaji hunionyesha daftari la mahudhurio. Nalitazama kwa heshima, halafu naomba lile la ufuatiliaji: jina la mgeni, aliyemleta, aliyekwenda kumwona nyumbani, lini alionekana mara ya mwisho. Katika kanisa moja nilikuta safu ya “aliyekwenda kumwona” imejaa mwandiko mmoja, kurasa kwa kurasa. Ulikuwa wa dada aliyeokoka mwaka ule ule. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Akitoka kazini anapita nyumba kwa nyumba, akikuta mgonjwa anaomba naye, akikuta mlango umefungwa anaandika pembeni, “sikumkuta, nitarudi.” Kwenye ukurasa mmoja ameandika hivyo mara tatu kwa mtu yule yule, na mstari wa nne unasema, “nimemkuta, amelia, anakuja Jumapili.” Na mchungaji alikuwa amelishika daftari hilo mkononi huku akiniambia hana watendakazi!

Jumapili ile mistari hiyo minne ilisomwa mbele ya kanisa, bila kumtaja aliyetembelewa. Dada akaitwa mbele, akaombewa. Baada ya ibada watu walimfuata wakitaka kujua wanaweza kufuatana naye vipi. Hilo ndilo ninalowafundisha viongozi: taja mtu, taja alichofanya, mshukuru Mungu kwa hicho hicho. Ukisema tu “hongereni, mnaendelea vizuri,” hakuna anayejua umesifu nini, na wiki ijayo hakuna anayejua arudie nini. Tena sifa ya jumla huzoeleka haraka, ikazaa watu wanaosubiri kusifiwa.

Kuna jambo moja ambalo nimeliona likivunja moyo kuliko upungufu wa fedha, nalo ni kulinganisha. Kiongozi anasimama kwenye kikao cha wachungaji, anasoma takwimu za makanisa yote yaliyoanza pamoja, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Yule wa mwisho anarudi nyumbani akiwa na maswali ambayo hatayauliza kwa mtu. Pengine yuko kwenye eneo gumu, pengine amewabatiza watu wanaotengwa na familia zao kwa sababu ya ubatizo huo. Takwimu hazikulisema hilo.

Familia ya mpanda kanisa pia inasahauliwa mno. Mke wake mara nyingi anafundisha watoto, anapokea wageni, anasikiliza matatizo ya akina mama, na hana mtu wa kumsikiliza yeye. Watoto wao wamewaacha marafiki kwenye kanisa mama. Nashauri wanandoa hawa wapewe watu wa kuwaona mara kwa mara ambao si wakubwa wao kikazi, wasioandika ripoti, ili wakisema “tumechoka” neno hilo lisiende mbali.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Msaada wa kanisa mama ni mzuri ukiwa na ratiba ya kupungua inayojulikana tangu mwanzo, na kanisa changa litoe sadaka yake tangu Jumapili ya kwanza, hata kama haitoshi kodi ya ukumbi. Wafilipi walimtumia Paulo mahitaji zaidi ya mara moja akiwa bado Thesalonike, wakati wao wenyewe walikuwa wachanga. Katika karne ya 19 viongozi wawili wa mashirika ya umisionari, Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walisisitiza kwamba makanisa mapya yalelewe mpaka yajitawale, yajitegemeze na yajieneze yenyewe. Naafikiana nao, na naongeza kwamba kumpa mtu wajibu ni njia mojawapo ya kumtia moyo. Paulo na Barnaba walirudi Listra, Ikonio na Antiokia ya Pisidia, miji ile ile iliyowafukuza na, kule Listra, kumpiga Paulo mawe, wakawaimarisha wanafunzi na kuwawekea wazee katika kila kanisa. Wazee hao walikuwa waumini wa muda mfupi sana. Waliaminiwa, wakaombewa kwa kufunga, wakakabidhiwa kwa Bwana.

Kama kanisa lenu limepanda kanisa na hamjui mwanzie wapi, mtumeni mtu mmoja mwenye macho ya Barnaba akae huko siku kadhaa, alale kwa waumini, ahudhurie ushirika wa nyumbani, asihubiri. Akirudi aeleze aliyoyaona, na wazee wa kanisa mama waandike barua. Ukurasa mmoja unatosha. Yaandikwe mambo matatu au manne yaliyoonekana kwa macho, pamoja na majina ya waliohusika ikiwa wameridhia, na ombi moja ambalo kanisa mama litaliombea mwezi mzima. Paulo aliwaapisha Wathesalonike kwamba waraka wake usomwe kwa ndugu wote. Nanyi ombeni hivyo hivyo: barua isibaki kwenye simu ya mchungaji, isomwe kwenye ibada, watoto wakiwamo, kisha ipelekwe kwa wale ambao Jumapili hiyo hawakufika.