Detour haikushutiwa kwa siku sita

Mashabiki wa Detour, ile muvi ya 1945 ya mwongozaji Edgar G. Ulmer, hawaelewani kabisa, wengine wanasema ule umaskini wake ndo utamu wenyewe, wengine wanaona ni takataka tu ya studio ya bei chee, ila wote wanarudia kitu kimoja, eti ilishutiwa kwa siku sita na dola 20,000. Hapana jamani. Hiyo ya siku sita Ulmer mwenyewe alikuwa akiisimulia kwa kutia chumvi, na mtafiti Noah Isenberg alipopekua makaratasi akakuta gharama ilivuka dola 100,000. Kubana matumizi kupo, tena sana, cheki pale Al, mhusika mkuu, anapoomba lifti, picha imegeuzwa kushoto kuwa kulia, magari ya Marekani usukani uko kulia utadhani wako Mombasa. Mi hapo huwa nacheka.